DENI LA USHURU LA MTALAKA WAKO: KWA NINI ULIPE WEWE?



Kuna barua ambayo ikifika nyumbani mtu huketi kwanza ndipo aifungue. Chukua mfano wa dada aliye Minneapolis au Seattle. Ana watoto wawili, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Aliachika miaka mitatu iliyopita. Anafungua bahasha ya idara ya ushuru ya Marekani, ile IRS, anakuta anadaiwa maelfu ya dola. Ushuru wake yeye hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, hajawahi kuficha hata senti. Deni ni la biashara ya mume aliyemwacha, la mwaka ambao walikuwa bado chini ya paa moja. Mume mwenyewe amehamia jimbo jingine, na simu hashiki.

Huu ni mfano tu, hatumsemi mtu. Lakini kama una shangazi, dada au khaloo wako huko, muulize kama amewahi kusikia kisa cha namna hii, halafu usikilize vizuri atakachokujibu.

Tumeamua kuandika jambo hili kwa sababu vijana wetu wengi wanaoa na kuolewa ughaibuni, na kwenye mipango ya posa watu huulizana kuhusu mahari, makaratasi, kazi, hata picha ya nyumba. Ushuru hauulizwi na mtu. Tena tumeliandika kwa sababu ukishaelewa walivyofanya wenzetu kule, unageuka kuangalia hapa Kenya na unaona kuna pengo ambalo Bunge letu halijaliziba.

Tuanze na swali ambalo kila mtu huuliza: deni la mume limefikaje kwa mke?

Marekani wanandoa wanaweza kufaili ritani moja ya pamoja, au kila mtu akafaili yake. Wengi hufaili pamoja, manake ndiko kwenye nafuu. Kwa mwaka wa ushuru wa 2024, kwa mfano, wanandoa wanaofaili pamoja wangeweza kuondoa dola 29,200 kwenye mapato kabla ya kutozwa ushuru wa kitaifa. Kila mtu akifaili yake, ni dola 14,600 kwa kila mmoja. Kwenye karatasi ni sawa, lakini nyumba ambayo mume peke yake ndiye anayefanya kazi, nusu ya mke inapotea bure. Na ziko nafuu nyingine ambazo wanandoa wanaofaili mbalimbali hunyimwa au hupunguziwa. Kwa hiyo mtu wa hesabu anamwambia mume, "Faili pamoja na mkeo." Mume anakuja na karatasi au anafungua kompyuta, anasema, "Weka sahihi hapa." Mke anaweka. Nani anakataa kumsaidia mumewe kuokoa pesa?

Bei ya sahihi hiyo ndiyo haisemwi. Ukishasaini ritani ya pamoja, deni lote la mwaka ule ni lako na ni lake. Si nusu kwa nusu. Kila mmoja anabeba lote, na serikali ina hiari ya kumfuata yule anayepatikana kwa urahisi. Sasa nani anapatikana kwa urahisi? Ni yule mwenye mshahara wa karatasi, anuani isiyobadilika na watoto shuleni. Kwa hesabu hiyo, mara nyingi mama aliyebaki na watoto ndiye anayekatwa.

Talaka haibadilishi kitu. Hata hakimu akiandika kwenye hukumu ya talaka kwamba ushuru wa miaka ile ataulipa mume, hukumu hiyo haiifungi IRS, kwa sababu IRS haikuwa sehemu ya kesi. Unaweza kumshtaki mtalaka wako umdai alichokufanya ulipe, lakini huwezi kuwaonyesha IRS karatasi ya hakimu ukategemea watakuacha. Watu wengi wanaposikia hili kwa mara ya kwanza hudhani wamesikia vibaya.

Huko Marekani kwenyewe waliona mapema kwamba jambo hili lina dhulma ndani yake. Mwaka 1971 Congress ilifungua mlango mdogo wa kwanza kwa mwenzi asiye na hatia, lakini masharti yalikuwa magumu na wengi hawakupita. Mwaka 1998, katika sheria kubwa ya kuirekebisha IRS, wakaupanua. Leo milango ni mitatu, na yote unaiomba kwa fomu moja, Fomu 8857. Huhitaji kuchagua mlango wewe mwenyewe, unaeleza kisa chako na wao wanaangalia unaangukia wapi.

Mlango wa kwanza ni wa yule ambaye ritani aliyosaini ilikuwa na uongo au makosa ya mwenziwe, ushuru ukaonekana mdogo kuliko ulivyopaswa kuwa. Lazima uonyeshe kwamba siku unasaini hukujua, wala hukuwa na sababu ya kujua, na kwamba kukudai wewe si haki. Hayo maneno "wala hukuwa na sababu ya kujua" ndiyo yanayowaangusha wengi. Wataangalia kiwango chako cha elimu, kama ulikuwa na mkono kwenye biashara, kama maisha yalibadilika ghafla. Ikiwa mume anaripoti mapato ya dereva wa teksi na nyumbani mna magari mawili mapya na kila likizo mko Dubai, watakuuliza ulidhani pesa zinatoka wapi.

Wa pili ni wa kugawanya deni, na huu ni wa walioachana kwa sheria, waliotengana kwa amri ya mahakama, waliofiwa, au ambao hawajaishi nyumba moja kwa miezi 12 kabla ya kuomba. Hapa kila mtu anarudishiwa mzigo wake: makosa yaliyotoka kwenye mapato ya mume yanabaki kwa mume, ya mke kwa mke. Na tofauti yake na wa kwanza ni kubwa. Kukuzuia mlango huu, IRS yenyewe ndiyo inatakiwa kuthibitisha kwamba ulijua hasa, haitoshi kusema "ulipaswa kujua". Kasoro yake ni kwamba ulichokwisha kulipa hakirudi.

Wa tatu ni wa haki, kwa walioshindwa kupita miwili ile. Na ndio pekee unaomfaa yule ambaye ritani yake ilikuwa ya kweli kabisa, hakuna kilichofichwa, ila pesa hazikulipwa. Yaani mume alisema, "Usijali, nitalipa," akazila. Kwenye mlango huu wanapima mambo mengi kwa pamoja: kama mmeachana, kama ukilipa utashindwa kukimu mahitaji ya msingi, ulijua nini, hukumu ya talaka ilimpa nani jukumu, ulifaidika na nini, umekuwa ukifaili vizuri tangu hapo, afya yako, na kama ulikuwa ukipigwa au ukitawaliwa.

Hilo la mwisho lilichukua miaka kupata uzito wake. Mwaka 2013 IRS ilitoa mwongozo mpya uliosema wazi kwamba mtu aliyekuwa akiteswa, au ambaye mwenziwe alishika kila shilingi ya nyumba na kila karatasi, asihesabiwe kwamba "alijua" kwa sababu tu aliona ritani. Mtu anaweza kuona na asiweze kusema. Walikubali pia kwamba mateso si ngumi tu, hata kumtenga mtu na ndugu zake na kumtisha ni mateso. Tungependa baadhi ya wazee wetu wanaosuluhisha ndoa huku kwetu wausome mwongozo huo, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Tena ukisaini kwa kutishwa, au sahihi ikighushiwa, unaweza kudai kwamba ile haikuwa ritani ya pamoja tangu mwanzo. Ni hoja tofauti na hizo tatu, na ni muhimu kuisema mapema.

Sasa kuhusu muda, maana hapa ndipo watu hupoteza haki yao wakiwa wamekaa. Milango miwili ya kwanza ina miaka 2 tangu IRS ilipoanza kukudai wewe binafsi, kwa mfano walipochukua pesa zako za kurudishiwa mwisho wa mwaka wakazipeleka kwenye deni hilo. Mlango wa tatu zamani nao uliwekewa miaka 2 hiyo hiyo. Kilichoubadilisha ni kelele za watu, na kisa kimoja kilichofika mahakama ya rufaa kinafaa kusimuliwa.

Daktari mmoja wa meno alipatikana na hatia ya kulaghai mpango wa bima ya afya ya serikali, akafungwa. Yeye na mkewe walikuwa wamefaili pamoja. IRS ikaandika deni la zaidi ya dola 900,000 kwa wote wawili. Mke hakuwa na habari na udanganyifu ule. Barua ilipomfikia alimweleza mume, mume akamwambia aiachie, atashughulikia. Hakushughulikia mpaka akafa. Mama alipokuja kuomba msamaha mwenyewe, akaambiwa miaka 2 imepita. Mahakama ya Ushuru ilimpa haki mwaka 2009, ikasema kikomo kile hakifai. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaigeuza, ikasema IRS ilikuwa na mamlaka ya kuweka kikomo. Kisheria mama alishindwa. Lakini aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2011 IRS yenyewe iliondoa kikomo hicho kwa mlango wa tatu, na mwaka 2019 Congress ikaliweka hilo ndani ya sheria. Sasa unaweza kuomba kwa muda wote ambao serikali bado inaruhusiwa kukudai, ambao kwa kawaida ni miaka 10.

Tumekisimulia kwa sababu ya ile sentensi ya mume: niachie mimi. Ni wangapi kati yetu tumelelewa kuisikia na kuitii?

Si kwamba mpango wa Marekani hauna ubaya wake. Upo, na mmoja unatukera sana. Ukiomba msamaha, IRS inalazimika kumjulisha mtalaka wako, na kumpa nafasi ya kusema upande wake. Hakuna ruhusa ya kuruka hatua hii, hata kama ulikimbia usiku na watoto mgongoni. Hawatampa jina lako jipya, anuani, simu wala mwajiri wako, na huo ni ulinzi wa kweli. Lakini mtu aliyekutesa atajua kwamba umefungua mdomo. Kwa mwanamke ambaye jamaa za mume wako hapo hapo mtaani, na mama mkwe anapiga simu kutoka Kisauni au Garissa kila wiki, habari hiyo si ndogo. Wapo watakaoona heri walipe.

Jingine ni ushahidi. Unatakiwa kueleza ulichokijua miaka mitano au sita nyuma, na karatasi zote alikuwa nazo mume. Ushauri wa bure kwa yeyote aliye huko: nakala za ritani zako unaweza kuziomba IRS wenyewe, kwa jina lako, bila kupitia kwa mtu. Na maombi yakiwa bado yanaangaliwa, kwa kawaida hawaruhusiwi kukukamua deni hilo, ingawa riba inaendelea kuhesabiwa. Wakikataa, una siku 90 tangu barua ya uamuzi wa mwisho kwenda Mahakama ya Ushuru. Miezi 6 ikipita bila jibu, unaweza kwenda pia. Kwa wenye kipato kidogo zipo kliniki za ushuru, nyingi ziko vyuo vikuu na kwenye mashirika ya msaada wa kisheria, zinazosimamia kesi hizi bure au kwa ada ndogo. Usimlipe mtu wa mtaani dola 2,000 akujazie Fomu 8857. Fomu yenyewe ni bure.

Halafu usichanganye na jambo jingine linalofanana nalo. Ikiwa mko pamoja na pesa zenu za kurudishiwa zimechukuliwa kwa deni la zamani la mume, tuseme malezi ya watoto wa mke wa kwanza au mkopo wa masomo, hilo si deni lako kabisa. Unaomba fungu lako lirudi kwa Fomu 8379. Watu wanajaza fomu isiyo yao, wanakataliwa, wanakata tamaa.

Hapa inabidi tuseme jambo linalotuhusu sisi hasa. Ndoa ya msikitini peke yake, bila leseni ya jimbo, mara nyingi haihesabiwi kuwa ndoa kisheria kule. Mbele ya Mwenyezi Mungu ni ndoa, hilo halina mjadala, lakini kwa IRS nyinyi ni watu wawili ambao hawana haki ya kufaili pamoja. Ndoa iliyofungwa na kusajiliwa hapa Kenya kisheria, hiyo wanaitambua. Na talaka vivyo hivyo. Mume akitamka talaka, sheikh akaandika, eda ikaisha, dada akaanza maisha yake, kumbe kwenye vitabu vya jimbo bado ni mke wa mtu kwa sababu hakuna aliyeenda mahakamani. Mwisho wa mwaka anafaili kama mtu asiye na ndoa, anakosea. Au mbaya zaidi, yule bwana anamwambia, "Tufaili pamoja tu mwaka huu, si bado tuko kwenye makaratasi," naye anakubali kwa sababu anahitaji dola 1,500 za kodi ya nyumba. Hapo amejifunga na mwaka mwingine wa madeni ya mtu ambaye hata si mumewe tena kwa dini.

Dada aliye katika hali hiyo asidhani milango imefungwa. Ule wa kugawanya deni hauhitaji karatasi ya talaka ikiwa mmeishi mbalimbali miezi 12 kamili. Na aliyekaa na mtoto wake peke yake nusu ya mwisho ya mwaka anaweza kuwa na njia ya kufaili kama mkuu wa nyumba bila kumgusa mume. Wanaoishi Texas, California au Washington waulize zaidi, kwa sababu majimbo hayo yana sheria ya mali ya pamoja, na kule mapato ya mume yanaweza kuhesabiwa nusu ni yako hata kama hamkufaili pamoja. Upo msamaha wake pia.

Na hatusemi wanaume wote ni wadanganyifu. Wapo kaka zetu waliobebeshwa madeni ya saluni na maduka ya wake zao. Sheria ile inasema "mwenzi", haisemi mke.

Sasa turudi nyumbani.

Mtu atasema, "Kenya hatufaili pamoja, kila mtu ana PIN yake, shida hii haipo." Kwenye karatasi ni kweli. Na inaendana vizuri na tulivyofundishwa kwamba mali ya mke ni ya mke. Lakini ebu tuongee ukweli. Ni maduka mangapi hapa Mombasa na Eastleigh yamesajiliwa kwa jina la mke, na mke hajui hata stoo iko wapi? Ni makontena mangapi ya mitumba na magari ya kutoka Japani yamepita bandarini kwa PIN ya mke, kwa sababu ya mume "ina matatizo kidogo"? Nenosiri la iTax analo mume au kijana wa saiba, barua pepe iliyosajiliwa ni ya mume, kwa hiyo hata onyo likitumwa na KRA, mwenye PIN halioni. Ndoa ikivunjika mume anaondoka na stoku, mke anabaki na PIN.

Kwa KRA, mwenye PIN ndiye mfanyabiashara. Kuna riba ya asilimia 1 kila mwezi, faini za kutofaili, halafu siku moja benki inaandikiwa kuzuia pesa kwenye akaunti, na mara nyingi ndipo dada anapojua kwa mara ya kwanza. Akitaka kazi ya serikali anadaiwa cheti cha kutodaiwa ushuru, hakipati. Wako vijana wa miaka 25 wenye rekodi ya deni ambalo hawajawahi kuliona faida yake, wengine hata si kwa sababu ya ndoa bali kaka au ami aliomba "PIN yako kidogo".

Aende wapi? Akienda kwa Kadhi, Kadhi anaweza kuamua mambo ya ndoa, talaka na urithi, basi. Hawezi kuiambia KRA isimdai mtu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya ndoa hugawanywa sawa, na Waislamu wameruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, lakini yote hayo ni baina ya mume na mke. Haki iliyopo mbele ya KRA ni ya kawaida: ukipewa tathmini una siku 30 kupinga kwa maandishi, ukichelewa kwa sababu ya msingi kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi unaweza kuomba uongezewe muda, na usiporidhika unakwenda Mahakama ya Rufaa za Ushuru ndani ya siku 30 nyingine. Siku 30 kwa mtu ambaye barua pepe yake haisomi yeye ni sawa na hakuna.

Cha ajabu ni kwamba wazo lenyewe tayari limo kwenye sheria yetu. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inawabebesha wakurugenzi deni la kampuni iliyopangwa makusudi ishindwe kulipa ushuru. Lakini inamwokoa mkurugenzi ambaye hakufaidika na mpango ule, na aliyepinga kwa maandishi na kumjulisha Kamishna mara alipojua. Yaani Bunge letu linakubali kwamba jina la mtu linaweza kuwa kwenye karatasi na kosa lisiwe lake. Mkurugenzi wa kampuni amefikiriwa. Mke mwenye duka la jina hakufikiriwa, na duka hilo ndilo lililo kila mtaa.

Mwaka 2023 tulipewa msamaha wa faini na riba, kisha ukafunguliwa tena hadi 30 Juni 2025 kwa madeni ya kabla ya mwisho wa 2023. Ulisaidia wengi na hatuukatai. Ila uliuliza maswali mawili tu: deni ni la lini, na deni lenyewe umelipa? Haukuuliza ni nani aliyelifanya. Mjanja aliyeficha kwa kusudi na mama aliyetumiwa jina walisimama kwenye foleni moja, na mama ndiye asiyekuwa na pesa za kulipa deni lenyewe.

Tunachotaka si kigumu kuandika. Mtu aweze kuiambia KRA kwa fomu moja kwamba PIN yake ilitumiwa na mwenzi au jamaa, aeleze, alete alicho nacho. Muda uhesabiwe tangu alipojua yeye mwenyewe, si tangu barua pepe ilipotumwa kwa anuani ya mtu mwingine. Kudai kusimame wakati maombi yanaangaliwa. Aliyetishwa au kupigwa asiambiwe "ulipaswa kujua". Na tusirudie kosa la Marekani: zipatikane njia za kumsikiliza upande wa pili bila kumweka mwombaji hatarini. KRA watasema watu watadanganya, mume na mke watapanga talaka ya uongo ili wakwepe. Watajaribu, ndiyo. Ndiyo maana kule yule aliyejua hasa hapiti kirahisi, na aliyehamishiwa mali ili ifichwe hapiti kabisa. Udanganyifu unachunguzwa, si sababu ya kumfungia kila mtu.

Wakati huo huo, wewe unayesoma hii ukiwa na PIN: ingia iTax leo uangalie ni simu ya nani na barua pepe ya nani imewekwa pale. Ibadilishe iwe yako. Angalia kwenye eCitizen kama kuna biashara kwa jina lako usiyoijua. Usiogope kuonekana huna imani na mtu.

Mswada wa Fedha hufika bungeni kila mwaka kabla ya Aprili kuisha, na wananchi huitwa kutoa maoni, ingawa wengi wetu huamka ukishapita. Sisi tutapeleka maoni yetu kwa maandishi juu ya jambo hili. Kama yamekupata wewe, mamako au dadako, tuandikie kwenye inboksi. Jina lako hatutalitumia. Tunataka mwaka, aina ya biashara, deni lilikuwa kiasi gani, na ulijuaje.